Nimezaliwa Mombasa, jangwa la California litanifanya nini?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 43, mzaliwa wa Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa tisa Minnesota. Naendesha pikipiki miaka minne sasa. Mwishoni mwa Juni nina likizo ya siku kumi, nataka kuruka hadi Las Vegas, nikodi pikipiki ya cc 700 hivi, nizunguke peke yangu: Mojave, Joshua Tree, Death Valley, kisha nirudi Vegas. Joto silihofii, nimekulia Kisauni, na pikipiki ina upepo wake. Nitabeba maji lita tatu. Ninachohofia ni watu. Dada yangu ananiambia mwanamke mweusi peke yake jangwani anajitafutia makubwa, nisisimame na nisizungumze na nisiyemjua. Nami kusema kweli hao watu wa njiani ndio ninaowatamani kuliko mawe na mchanga. Nifanyeje? Kila asubuhi nameza kidonge cha presha."

Marahaba, dada yangu. Hongera kwa miaka minne barabarani, na ahsante kwa kuuliza ukiwa bado nyumbani. Joto unaliamini, watu unawahofia. Mimi nimefundisha watu pikipiki miaka 22 na nimepita majangwa kadhaa, hilo la California likiwemo, na nakuomba uyabadilishe nafasi mambo hayo mawili. Joto ndilo la kuogopwa. Watu, wengi wao, ndio watakaokurudisha salama.

Tuanze na Mombasa. Mwili haukumbuki ulikozaliwa, unakumbuka wiki chache zilizopita. Mtu akishinda kwenye joto kali kwa wiki moja hadi mbili, mwili hujizoeza: jasho huanza mapema na kutoka jingi, chumvi inayopotea hupungua, maji ya damu huongezeka ili moyo usihangaike. Akiondoka kwenye joto hilo, mazoea hayo hufutika ndani ya wiki chache. Wewe umeshapitisha majira ya theluji miaka tisa. Ukishuka uwanja wa ndege wa Las Vegas, mwili wako utakuwa mgeni sawa na wa jirani yako aliyezaliwa huko huko Minneapolis.

Tena joto lenyewe si ndugu wa lile la kwetu. Pwani ni nadra kuzidi nyuzi joto 34, na hewa imejaa unyevu. Jasho linatiririka, leso inagandia mgongoni, huhitaji kuambiwa kwamba unapoteza maji. Mojave hewa ni kavu mno, jasho hukauka kabla hujalihisi. Unashuka kwenye pikipiki ukijiona mkavu na mzima, kumbe ukosi wa koti umejichora mstari mweupe wa chumvi. Maji yameshakwenda na hukuyaona yakienda.

Sasa huo upepo wa pikipiki, maana hapa ndipo wengi wanapoponzwa. Ngozi ya mtu ina nyuzi 34 au 35 hivi. Hewa ikiwa na nyuzi 25, upepo unaokupita unachukua joto lako na kwenda nalo. Hewa ikiwa na nyuzi 46, mambo yanageuka: hewa ndiyo iliyo moto kuliko wewe, na kadiri unavyokwenda kasi ndivyo inavyokumwagia joto lake. Unapopuliza uji upoe, unapoa kwa sababu pumzi yako ni baridi kuliko uji. Weka feni nyuma ya tanuri la mikate lililo wazi, usimame mbele yake. Hiyo ndiyo pikipiki ya Juni jangwani, kwa kilomita 100 kwa saa, saa nzima bila kupumzika.

Kinachobaki kukupoza ni jasho peke yake. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na kilojuli 2,400 hivi za joto, na hiyo ni kazi kubwa. Lakini upepo mkali na mkavu ukikupiga kifuani moja kwa moja, jasho hukaushwa haraka kuliko mwili unavyoweza kulitoa. Tumbo nalo hunyonya maji kama lita moja tu kwa saa, hata ukinywa mbili. Hapo hesabu haifungi. Ndiyo maana wazoefu wa jangwa hufanya kitu kinachoonekana cha ajabu: joto likipita nyuzi 36 hivi, wanafunga koti. Ndani wanavaa shati la mikono mirefu lililoloweshwa maji hadi linadondoka, juu yake koti lenye matundu madogo tu yaliyo wazi, shingoni kitambaa chenye maji. Maji yanakauka polepole ndani ya koti na kukupoza kwa muda mrefu zaidi kuliko ukiacha kifua wazi. Ukisimama, unalowesha tena. Kwa hiyo lita zako tatu hazitoshi hata kidogo. Hizo ni za kunywa kwa saa tatu au nne. Weka nyingine nne za akiba na za kulowesha nguo, na za kunywa ziwe kwenye mfuko wa mgongoni wenye mpira unaofika mdomoni chini ya helmeti, maana maji yaliyo ndani ya sanduku la nyuma hunywi mpaka usimame, nawe utakuwa unaahirisha kusimama.

Maji matupu nayo yana hatari yake. Jasho linabeba chumvi, na mtu anayekunywa maji peke yake lita juu ya lita anaweza kushusha chumvi ya damu mpaka akachanganyikiwa, akatapika na hata kuzirai. Kula vitu vyenye chumvi kila kituo, na uwe na pakiti za ORS, zile zile tunazowapa watoto wanaoharisha.

Tarehe 6 Julai 2024 waendesha pikipiki sita walikuwa Death Valley, upande wa Badwater, siku ambayo joto lilifika nyuzi 53. Mmoja alifariki. Mwingine alipelekwa hospitali Las Vegas akiwa na hali mbaya ya joto, na wanne walitibiwa pale pale. Helikopta ya wagonjwa haikuweza kuja, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi na mapanga hayapati cha kushika. Joto likipita nyuzi 49, kwa kawaida helikopta hizo haziruki kule. Nakueleza haya kwa sababu hao walikuwa kundi, kila mmoja ana jozi tano nyingine za macho za kumwangalia. Wewe unakwenda peke yako.

Na hapa ndipo penye moyo wa jibu langu. Joto huharibu akili kabla ya kuangusha mwili, na anayeharibikiwa huwa wa mwisho kujua. Lilinipata mimi kwenye jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, nikitoka North Horr kwenda Kalacha, mwezi wa Februari. Nilifika penye mikoma ya Kalacha nikajiona sina neno. Nilivua glavu, nikazima pikipiki, nikataka kuchomoa ufunguo. Nilikuwa nauzungusha upande mmoja tu, tena na tena, unagoma, nami sikufikiri kuuzungusha upande wa pili. Mzee mmoja wa Kigabbra aliyekuwa akinywesha ngamia alinisogelea, akanisalimia kwa Kiswahili, akaniuliza natoka wapi. Nilitaka kusema North Horr. Jina halikuja. Nilisimama mdomo wazi, na kitu kilichonishtua kilikuwa uso wake, kwa sababu aliacha kutabasamu. Alinishika mkono kama mtoto, akanikalisha kwenye kivuli, akanimwagia maji shingoni na kifuani kutoka kwenye dumu la njano, akawa ananipungia kwa kofia yangu mwenyewe. Nusu saa baadaye jina la North Horr lilirudi. Mimi mwenyewe ningepumzika dakika mbili nikawasha tena.

Tangu siku hiyo nina kanuni, nayo ndiyo ninayokupa badala ya ile ya dada yako. Kila unaposimama, tafuta mtu umsalimie na uzungumze naye sentensi kamili tatu au nne: unatoka wapi, unakwenda wapi, umebakiza umbali gani. Wauza mafuta, askari wa hifadhi, mzee aliyeketi kivulini na mbwa wake, mwendesha pikipiki mwenzio. Maneno yakikukwama, au mtu akikuuliza kama u mzima, amini uso wake kuliko unavyojiamini. Hapo hupandi tena mpaka upoe kabisa. Pasipo na mtu, hesabu kwa sauti kutoka 100 ukipunguza saba kila mara, na ukipotea kabla ya kufika 50, hiyo siku imekwisha.

Kuhusu usalama wako kama mwanamke, hofu ya dada yako haitoki hewani, na sitaipuuza. Zungumza na watu mahali penye watu: kituo cha mafuta, jengo la wageni la hifadhi, mgahawa. Eleza unakotoka kwa urefu upendavyo, lakini utakapolala usimtajie mtu. Akikuuliza kama uko peke yako, wenzako wako nyuma wanajaza mafuta. Mtu akikutia wasiwasi, usijilazimishe adabu, ondoka uende penye taa na watu. Funga siku yako kabla ya giza. Na kadi yako ya ukaazi, kama hujawa raia, beba ile halisi, nakala haitoshi kisheria. Baada ya hayo, waache watu wakufikie. Ukiwa juu ya pikipiki peke yako watu hukujia kuliko ukiwa ndani ya gari: helmeti ikivuliwa tu, mtu anataka kujua umetoka wapi. Shoshone, kijiji kidogo kusini mwa Death Valley, mama mmoja aliniona nikiloweka shati bombani, akarudi garini mwake akaniletea mfuko wa barafu bila kuniuliza kitu. Alinionyesha kwa vidole niuweke kwapani. Alikuwa sahihi, maana mishipa mikubwa ya damu hupita hapo karibu na ngozi.

Sasa tupime safari yenyewe.

Hifadhi hizo tatu zote zilipata hadhi yake ya sasa kwa sheria moja ya mwaka 1994, na kwenye ramani zinaonekana jirani, lakini kwa joto zinatofautiana sana. Bonde la Death Valley ndilo baya kuliko yote. Badwater iko mita 86 chini ya usawa wa bahari, milima imelizunguka, hewa ya moto inapanda, inapoa kidogo, inashuka tena na kuchemka upya. Furnace Creek ndiko kulikoandikwa nyuzi 56.7 tarehe 10 Julai 1913, rekodi ya dunia. Mwezi wa Juni wastani wa mchana ni nyuzi 43 hivi, Julai 47, na usiku haukupi nafuu. Ardhi yenyewe iliwahi kupimwa nyuzi 94 mwaka 1972. Ukianguka pale umevunjika mguu, lami inakuunguza huku unasubiri. Kwa hiyo nakuambia wazi: kushuka bondeni kwa pikipiki mwishoni mwa Juni, peke yako, hapana. Mimi mwenyewe siendi.

Kama Death Valley ndiyo roho ya safari, sogeza likizo hadi Novemba, au Februari na Machi. Mchana ni mzuri, usiku baridi, na baridi wewe unaijua kuliko mimi. Hilo ndilo chaguo langu la kwanza. Kabla ya kwenda angalia matangazo ya hifadhi kuhusu barabara, kwa sababu mvua moja kubwa huzikata: masalia ya kimbunga Hilary mwezi Agosti 2023 yaliifunga hifadhi nzima karibu miezi miwili.

Kama likizo haisogei, panda juu. Hewa hupoa kadiri unavyopanda, na Nevada ina jangwa la milimani ambalo wengi hawalijui. Hifadhi ya Great Basin ni mwendo wa siku moja kutoka Las Vegas kuelekea kaskazini kwa barabara ya 93, na barabara ya mlima Wheeler inakupeleka hadi mita 3,000 na zaidi. Huko kuna misonobari iliyokuwa imeshasimama kabla ya Nabii Isa kuzaliwa. Mmoja uliokatwa mwaka 1964 ulihesabiwa karibu miaka 4,900. Mapango ya Lehman chini yake yana nyuzi 10 hivi mwaka mzima, utatafuta sweta. Mji wa karibu unaitwa Baker, na usiuchanganye na Baker ya California iliyo njia ya Death Valley, yenye kipimajoto kirefu kama mnara. Watu wameshaingiza Baker isiyo yao kwenye ramani ya simu.

Na kama moyo umeng'ang'ania njia yako ya awali, ipunguze. Joshua Tree upande wa magharibi uko juu kidogo, nenda kati ya alfajiri na saa tatu asubuhi, uwe umeingia chumbani chenye kiyoyozi ifikapo saa nne. Ndani ya hifadhi hakuna mafuta na mtandao wa simu unapotea sehemu kubwa. Kwa Death Valley, lala Pahrump, toka kabla ya jua, pita Death Valley Junction, kisha upande hadi Dante's View. Njia hiyo haikushushi bondeni, inakusimamisha mita 1,669 juu ya usawa wa bahari, Badwater ikiwa chini yako, na kwa kawaida huwa na baridi kuliko chini kwa nyuzi 14 hivi. Utaona bonde zima jeupe kwa chumvi miguuni pako jua likichomoza. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 200, jaza tanki Pahrump. Ukitaka kugusa ile chumvi kwa mkono, rudi na gari la kukodi lenye kiyoyozi kizima, asubuhi hiyo hiyo, dakika kumi, basi.

Pikipiki yenyewe haina mengi. Pima upepo wa tairi alfajiri zikiwa baridi, na zikipata moto zikapanda usizitoe upepo. Lami ya mchana hulainika, stendi huzama na pikipiki ikalala, kwa hiyo beba kibao au kipande cha bati cha kuweka chini yake. Kutoka Twentynine Palms kupitia Amboy na Kelso hadi Baker ni karibu kilomita 200, uzihesabu kama hazina mafuta kabisa. Usitoke nje ya barabara, sheria ya hifadhi hairuhusu. Na kila ukitaka kuondoka kivulini, inama utazame chini ya pikipiki. Kobe wa jangwa hupenda kujificha kwenye kivuli cha magari. Ukimkuta, msubiri atoke mwenyewe. Ukimnyanyua kwa hofu anaweza kumwaga mkojo aliouhifadhi, na kwake hayo ndiyo maji ya miezi, anaweza kufa kiangazi hicho.

Sasa kidonge chako, na hili usilisome haraka. Dawa za presha ziko za namna nyingi. Nyingine hukutoa maji kwa mkojo, nyingine huzuia moyo kwenda mbio wakati mwili unapouhitaji uende mbio ili upoe. Baadhi ya dawa za mafua na mzio nazo hupunguza jasho. Sijui unameza ipi, na hata ukinitajia, kukuamulia si kazi yangu. Chukua chupa yake, nenda kwa daktari wako wiki kadhaa kabla ya tiketi, mwambie hivi hivi: nitakuwa kwenye nyuzi zaidi ya 40, nimevaa koti zito, peke yangu. Usiache dawa wala kupunguza kwa uamuzi wako. Akikukataza, umekatazwa.

Na ujue mstari ulipo. Kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukakamaa, kizunguzungu: hapo bado una nafasi. Ingia kivulini au kwenye kiyoyozi, vua koti, lowa, kunywa polepole, na siku hiyo usiendeshe tena hata ukijisikia vizuri, maana athari ya joto hujilimbikiza. Mtu akianza kuropoka, kuyumba au kuzirai, hicho ni kiharusi cha joto. Panadol haisaidii, hii si homa ya malaria. Piga 911, na wakati wa kusubiri mlowesheni mwili mzima, mpepeeni, wekeni barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena, bila kumpa maji mdomoni kama hajitambui. Nimesema mlowesheni kwa sababu mgonjwa utakuwa wewe: iandike karatasi hiyo kwa Kiingereza, uiweke mfuko wa mbele wa koti, pamoja na jina la dawa yako na namba ya dada yako.

Dada yako mpe kazi. Kodi kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, mkubaliane saa mbili za siku, kwa mfano saa kumi na moja alfajiri ukiondoka na saa nne asubuhi ukiwa umefika. Mwachie njia yako kwa maandishi, kituo kwa kituo, na namba ya simu ya hifadhi. Saa ikipita na nusu nyingine juu yake bila neno kutoka kwako, asikupigie wewe, apige namba ile. Halafu jioni, ukishapoa na kuoga, mpigie wewe umsimulie ulizungumza na nani.